Walikata Pale Nilipoanza Kulia

Wamama wa hapa Mulongwe, na nyinyi wageni wetu mliotoka Kasenga na Rugenge, nawasalimia. Mama kiongozi amenipa nafasi ya kusimama leo, nami nimekubali, ila mnivumilie nikiwa natazama chini. Si majivuno. Nilitazamwa sana na watu ambao siwajui, na mpaka leo macho ya watu yakinijia kwa wingi naona baridi.

Nawaona wageni wengine mmeshaanza kugusana viwiko. Ndiyo, ni miye. Ni yule mwanamke wa video. Sasa mmeniona, sina pembe, basi tuendelee.

Babu yangu ndiye aliyenilea, yeye na koko wangu, yaani mama aliyemzaa mama yangu. Wenyeji mnajua mambo ya wajukuu kwetu huku kandokando ya ziwa, lakini wageni wengine pengine kwao haiko hivyo, kwa hiyo niseme. Mzee akifa akiwa ameshiba miaka, watoto wake wanalia, wajukuu wanatania. Mjukuu anaruhusiwa kuvaa kofia ya marehemu, kuiga alivyotembea, kumsema ubaya wake mbele ya jeneza, na hakuna wa kumkemea. Mzee asipotaniwa, watu wanarudi nyumbani wakisema alizikwa kama mpita njia. Na mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Tangu utoto wangu babu aliniita bibi yake mdogo. Alikuwa anamwambia koko, "Weye umeisha kuzeeka, huyu njo atanipikia." Na koko anamjibu, "Muchukue. Ila umwambie mapema habari ya meno yako." Babu hakuwa na jino la mbele hata moja.

Basi babu akafa, kwa kitanda chake, mvua ikinyesha, koko akimshika mkono. Siku ya kumzika tulifunga bashi, lile turubai la kivuli, uani, watu wakajaa mpaka njiani. Walikuwa wamelia tangu asubuhi na sauti zimekauka. Mama yangu mdogo akaniinamia sikioni.

"Wajukuu munangojea nini? Munataka mupaka mzee mwenyewe awaombe?"

Nikasimama. Nikavaa koti lake lile zito alilokuwa anavaa hata jua likiwaka, nikatembea kama yeye, bega moja mbele. Nikakohoa mlangoni, maana babu alikuwa anakohoa kabla ya kuingia ili mkiwa mnamsema mpate muda wa kuacha. Watu wakaanza kucheka. Kisha nikavua koti, nikafunga kitambaa cheusi cha ujane kichwani, nikazunguka jeneza nikicheza na kuimba: "Enda, mzee, enda salama, umeniachia miiba ya samaki, kesho naolewa na kijana mwenye meno." Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Wamama mliokuwepo mnakumbuka, mlimshikilia asianguke kwa kiti.

Halafu nikagonga ubao wa jeneza, kama tulivyokuwa tunamgongea mlango wake asubuhi. Nikagonga, na hakukohoa. Hapo nikaanguka chini, nikalia mpaka wakanibeba. Ndivyo utani wa matanga ulivyo. Unacheka, unacheka, halafu unafika mahali ambapo huwezi tena, na hapo ndipo kilio chenyewe kinapokungojea.

Binamu yangu alichukua video. Sina neno naye. Tuna ndugu Bujumbura na Kalemie ambao hawakuweza kufika, na wao pia ni wa marehemu, wanataka kuona. Akaiweka katika kikundi cha familia kwenye simu, nzima, tangu koti mpaka kubebwa. Wakashukuru. Mjomba mmoja aliyeko Bujumbura alisema ameilia akiwa kazini mbele ya mkubwa wake. Mpaka hapo, wamama, hakuna kilichoharibika.

Ilitokaje mle? Hakuna anayejua. Kila mmoja wa familia anaapa si yeye, na nawaamini wote, maana naona kila mmoja alimtumia mtu mmoja tu anayemwamini. Na yule mmoja naye alikuwa na mtu wake. Mwishowe ikamfikia mtu fulani, sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui anakaa nchi gani, akakaa nayo akaikata. Alitoa koti, alitoa kukohoa. Alianzia pale nimefunga kitambaa cha ujane nacheza, na alikatia pale mkono wangu uko hewani, kabla ya kugonga. Akaweka muziki chini yake. Juu akaandika: Mjane afurahia kifo cha mume wake, tazama mpaka mwisho. Na mwisho ndio alioutupa.

Miye sikujua. Nilikuwa sokoni na beseni yangu ya ndagala, wale dagaa wetu wa ziwa, nawauzia watu kama kawaida, ndipo akaja mama mmoja, akachota, akanusa, akaniangalia usoni kwa muda mrefu.

"Mama, usikasirike. Njo weye wa ile video?"

"Video gani?"

"Ya ule mjane."

"Minye si mjane. Bwana yangu iko Kalemie, iko muzima."

Akarudisha ndagala zangu kwenye beseni polepole, hata ile moja iliyobaki imeshikamana na kidole chake. Jirani yangu wa kuuza mafuta ndiye aliyenionyesha. Nilipojiona nilicheka, nawaambia ukweli. Nilidhani ni jambo la siku ile tu. Nilisema watu watachoka.

Hawakuchoka. Iliruka kutoka simu hadi simu, na kila mahali ilipofika ilipata habari mpya. Mahali pengine nilikuwa nimemlisha mume wangu sumu. Mahali pengine nilikuwa wa nchi nyingine kabisa, watu wanabishana ni ya nani, kila nchi inanikataa. Mhubiri mmoja wa mbali akanitumia katika mahubiri juu ya siku za mwisho. Wasichana wa mjini wakafunga vitambaa vyeusi, wakacheza kama miye, na wao pia wakatazamwa. Madereva wa moto, yaani pikipiki, wakinipita wanaimba "kijana mwenye meno" na kupiga honi. Watu walikuja kwenye beseni yangu, lakini hawakuja kununua samaki. Mmoja aliniomba nimchezee kidogo tu, amwonyeshe mke wake.

Haya yote ningeyabeba. Kilichonivunja ni simu ya bwana yangu.

Mnajua anafanya kazi kwenye mashua za mizigo, anapanda na kushuka ziwa hili kati ya Kalemie na Kalundu. Mama yake anakaa Rugenge. Mama mkwe wangu si mzaliwa wa hapa, na kwao matanga ni matanga, hakuna mjukuu anayecheza. Siku ya kumzika babu hakuwepo, alikuwa mgonjwa. Yeye kwanza alifikiwa na salamu za pole. Watu waliiona video, wakanitambua, wakajua miye ni mke wa nani, basi wakaanza kumlilia mwanawe.

"Minye niliisha kuiona," bwana yangu akaniambia. "Na nilicheka. Nilimujua mzee. Lakini mama ananipigia kila siku analia. Banamwambia minye nimekufa na weye unacheza."

"Na weye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia iko utani."

"Na yeye?"

Akanyamaza. Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwa nzuri siku ile, kwa hiyo siwezi kusingizia rezo.

Nilikwenda Rugenge mwenyewe. Mama mkwe alinipa kiti, akakaa mbali nami, kitenge kimefunika magoti. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mutoto yangu analala juu ya mai ya ziwa," akasema. "Kila siku naomba Mungu amurudishe. Na weye unafunga kitambaa ya ujane, unacheza. Unafikiri kifo iko kiziwi?"

"Mama, nilikuwa mjane wa babu yangu. Ni mchezo wa wajukuu."

"Kitambaa haijui ni ya nani."

Neno lile ninalo mpaka sasa. Akaniambia wazi kwamba ameshamkataza mwanawe kurudi kwenye nyumba yangu, na kama atarudi, asimwite tena mama. Nikatoka. Nilitembea kutoka Rugenge mpaka kwangu kwa miguu, kwa sababu nilikuwa naogopa dereva wa moto ataniimbia.

Nikawaza, nitafanya nini? Nikasema moyoni: watu hawajui, basi niwaeleze. Nilivaa kitenge cha kanisani, nikakaa wima kwenye kiti, binamu yangu akashika simu. Nikaeleza yote pole pole: mzee alikuwa babu, mjukuu ni mke wa babu, huku kwetu ni heshima. Nilieleza vizuri, wamama. Mwalimu wa shule angenipa alama nzuri. Hakuna aliyetazama. Ila mtu mmoja huko aliko aliichukua ile yangu, akatafuta mahali ambapo niliona haya nikacheka kidogo na kupangusa pua, akakata hapo tu, akaibandika karibu na ile ya kwanza. Akaandika: Mjane aomba msamaha, bado anacheka. Hii ikatembea kuliko ya kwanza.

Ndugu zangu wakaingia kunitetea. Wapwa, binamu, hata mjomba wa Bujumbura ambaye hajui kuandika haraka. Wanajibu matusi mmoja mmoja. Na kila wakijibu, wengine kumi wanakuja kutazama.

Kuna mtu Kasenga ambaye kazi yake ni kutengeneza video za harusi, anakata, anaunganisha, anaweka nyimbo. Alinitengenezea yangu nilipoolewa. Nilikwenda kwake nikamwambia, weye unajua kukata, nisaidie kuirudisha ile iliyokatwa. Akaitazama mara ya kwanza kama mtu, kisha akaitazama tena kama fundi.

"Haiendi sababu weye ni mubaya," akaniambia. "Inaenda sababu muntu akiiona hawezi kunyamaza. Kama ungelilia tu, nani angetazama? Watu banalia kila siku. Weye ulicheka pembeni ya sanduku. Pale lazima muntu aseme kitu. Na akisema, hata akisema uongo, hata akikutetea, ile mashini inaona tu kuna watu wamejaa. Inaita wengine waje kuangalia."

"Lakini ndugu zangu wananitetea."

"Njo wao banaisukuma, mama."

Nikamuuliza kwa nini ile ndefu niliyojieleza, yenye ukweli wote, haikuenda popote.

"Ile ndefu iko na babu, iko na koko, iko na Mulongwe. Muntu wa mbali hana mahali pa kuingia. Hii fupi haina jina. Mwenye kugombana na bibi yake anaona bibi yake. Mwenye ndugu amekufa vibaya anaona mjane wa ndugu. Hawakuoni weye. Katika wale wote, hakuna hata mumoja aliyekuona."

Alitaka kunifariji, namjua, ni mtu mwema. Lakini maneno yale yalinimaliza. Kama wangekuwa wananichukia miye, ningewatafuta, ningewapigia magoti. Sasa nimpigie nani magoti? Nilimuuliza kama anaweza kuiondoa. Akasema anaweza kuomba moja iondolewe, kisha akanionyesha zilivyo nyingi, kila moja na maandishi yake, akawa anasogeza kidole na hazikwishi. Wamama wa Mulongwe, tumeshawahi kuona mto unaingia ndani ya nyumba. Unachota maji kwa sufuria unamwaga nje, na nje kwenyewe ni maji. Ndivyo nilivyokuwa.

Niliomba. Msifikiri nilikaa bila kuomba. Niliomba hapa hapa, kwenye benchi lile la nyuma, na nikitoka nje naikuta video imefika mbali zaidi. Siwafichi. Sikuona jibu, na sikuwa na nguvu ya kujifanya nimeliona.

Kila mashua ya kazi yake ilipofika Kalundu nilishuka bandarini. Naangalia wanaume wanaoteremsha mifuko, natafuta mabega yake. Wenzake wakiniona wanaanza kujishughulisha na kamba.

"Mama, amebaki."

"Anaumwa?"

"Hapana. Amebaki tu."

Narudi na chakula nilichobeba. Mashua inaondoka, nyingine inakuja, amebaki tu. Hakuniambia ameniacha, hakuniambia atarudi. Alikuwa anatuma salamu kwa watoto. Nyumba ilikuwa na kila kitu chake, viatu vyake viko chini ya kitanda, nami sikujua kama nivifute vumbi ama nivifunge kwenye mfuko nivipeleke Rugenge.

Sasa, koko. Tangu babu afe alikuwa anakaa kwangu, na familia nzima tulikubaliana asijue. Tuliona itamuumiza kusikia kwamba kilio cha mume wake kimekuwa mchezo wa mjini. Yeye hana simu, macho yake ni ya kukisia, basi haikuwa kazi kumficha. Lakini masikio yake yalikuwa mazima. Siku moja alikuwa amekaa mlangoni anaota jua, watoto wa jirani wakapita wakiimba. Akaniita.

"Ile maneno ulisemaga kwa kilio ya mzee. Nani aliyapeleka kwa barabara?"

Nikakaa chini, nikamwambia yote. Bwana yangu, Rugenge, kitambaa, yote. Alinisikiliza akitafuna midomo. Nilikuwa nangoja alie. Akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Nikamshikia simu karibu kabisa na uso. Akatazama. Akaniomba nirudie. Mara ya pili akatabasamu, akasema, "Naona kivuli yake nyuma ya mabega yako, unacheza kama yeye akikunywa." Kisha ikafika mwisho, mkono wangu hewani, ikaanza upya. Koko akanikamata mkono.

"Imeisha wapi? Weye ulilia. Kilio iko wapi?"

"Walikata, koko."

Watu wote wale waliotazama, wa karibu na wa mbali, hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Ni yeye peke yake, na macho yake yale mabovu. Hapo ndipo nilipolia, kilio ambacho sikukilia tangu jambo lile lianze. Yeye akasubiri nimalize, akaomba viatu vyake.

Nilimpakia kwenye moto, nikakaa nyuma yake kumshikilia, akamwongoza dereva njia nzima kana kwamba ndiye aliyelima barabara ile. Tulipofika Rugenge, mama mkwe alikuwa nje anachambua sombe, majani ya muhogo. Akashtuka kumwona mkongwe analetwa kwa moto. Koko hakusubiri kiti.

"Mama, kwa ile kilio mjane alikuwa mumoja tu, na njo minye. Kitambaa ilikuwa yangu. Minye nilimukopesha huyu mutoto acheze nayo, ili nipate kucheka siku ya kumuzika bwana yangu. Kama iko na deni na kifo, ni ya kwangu."

Mama mkwe aliweka sombe chini. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Mama, nimesikia. Lakini uoga haitoke kwa tumbo sababu muntu amesema."

"Najua," koko akajibu. "Basi nitakaa."

Akakaa. Akavuta fungu la sombe, akaanza kuchambua kwa kupapasa. Hawakuongea tena habari ya video. Miye nilibaki nimesimama kama mgeni asiyeitwa. Na siku nyingine koko akaomba tena moto, akaenda, akachambua, akarudi. Ikawa mazoea. Nikimuuliza wamesema nini, ananijibu, "Tumesema bei ya mafuta." Nilikata tamaa. Niliona ni wazee wawili wanapoteza siku.

Halafu mashua ikafika Kalundu, na bwana yangu akateremka. Sikuwa na chakula siku ile, nilikuwa nimeshaacha kubeba. Akaniambia mama yake alimpigia, akasema maneno machache tu: kama koko ambaye ndiye mjane haogopi, basi naye atajaribu. Nilimuuliza, na weye, kwa nini ulikaa kimya vile? Akasema, "Nilikosa nguvu. Nikisema nakuja, mama analia. Nikisema siji, ningekuua." Nilikasirika, na bado kuna siku nakasirika. Lakini alikuwa ameshika mfuko wake mlangoni pangu, nikampisha.

Msidhani hapo video ilikufa. Iko. Inalala kidogo, halafu mtu anaiamsha na maandishi mapya, na jirani ananiletea simu akiniambia pole. Sasa naangalia mpaka mkono hewani, namrudishia simu yake, naendelea na ndagala zangu. Na mama mkwe alikuwa ananisalimia, ila kwa mbali, kama mtu anayepima maji kwa ncha ya kidole.

Kisha koko akafa. Wenyeji mnajua, mlikuwa hapa. Tukafunga bashi tena. Walikuja watu wa kulia, na walikuja watu ambao hata jina lake hawalijui. Waliijua nyumba. Walijua ni familia ya wale wanaocheza. Walisimama ukutani na simu mkononi, wamezielekeza kwenye jeneza, wanangoja.

Mama mdogo akageuka kuwatafuta wajukuu. Tulikuwa wengi kwenye mikeka, wakubwa na wadogo, na wote wakanitazama miye. Nami nilitazama zile simu. Wamama, nilitaka kusimama. Huyu ni mtu aliyenibebea shida yangu mpaka Rugenge na mgongo uliopinda, na sasa anaondoka bila mjukuu hata mmoja kumtania, kama mtu aliyeokotwa. Nilijua hivyo, na nikabaki mkekani. Nilimwona bwana yangu kwenye benchi la wanaume ameinamisha kichwa. Nikawaza, nikisimama, mashua itaondoka tena naye. Wanaume wakasogea kushika jeneza walitoe. Nikafumba macho.

Nilipofungua, mama mkwe wangu alikuwa anapita katikati ya viti, anakuja kwangu. Nilidhani anakuja kunikanya. Alifika mbele yangu, akanipa mgongo, akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza kwa mikono miwili, pana kabisa, mbele ya zile simu.

"Simama, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Minye nitashika."

Mama kiongozi, weye ulikuwa wa pili. Halafu mama wa mafuta. Halafu nyinyi mliokaa pale pembeni, na wewe mwenye mimba uliyeambiwa ukae ukakataa. Kitenge juu ya kitenge, mkazunguka jeneza na mikeka yetu, mpaka ndani ikawa chumba. Kijana mmoja alijaribu kuinua simu yake juu ya kitambaa, na mama fulani, simtaji, ana mwili wa kutosha, alisogea hatua moja tu na kijana akakosa njia. Wanaume wakaweka jeneza chini. Wakangoja.

Sasa niseme asante, nikae. Asante kwako fundi wa Kasenga, huko uliko, kwa kuniambia ukweli hata kama haukunisaidia. Asante kwa bwana yangu kwa kurudi. Asante kwa mama mkwe wangu, ambaye yuko humu ndani na hapendi kutajwa, na ambaye ameniambia uoga bado anao. Alishika kitenge akiwa nao. Asante kwa nyinyi wote ambao mikono iliwauma siku ile na hamkuishusha.

Somo sina kubwa. Siwezi kuwafundisha namna ya kuzuia video, sikuizuia yangu. Ila ndugu zangu, nawaambia hivi: mtu akikuonyesha kwenye simu mtu usiyemjua anafanya jambo la kukuudhi, mwulize alifanya nini baada ya hapo. Kama hajui, usimpelekee mwingine. Ife kwako.

Na mkiniuliza nilimtania nini koko, sitawaambia. Wale waliokuwa ndani ya vitenge wanajua. Nilianza, wakacheka, nikacheka, nikalia mpaka nikamaliza, na hakuna aliyenikata. Halikwenda popote jambo lile. Liliishia pale pale, kwa aliyekuwa anastahili kulisikia.